Mdogo wangu yuko JKT na dirisha la vyuo limefunguliwa, nimuombee vipi?

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili, nalirudia hapa kwa kifupi ili na wengine wafuatilie. Mdogo wako kamaliza kidato cha sita kombi ya HGL, matokeo yametoka ana D ya History, D ya Geography na E ya English, divisheni ya tatu point 13. Yeye yuko kambini JKT, jeshi la kujenga taifa, anakupigia mara moja moja jumapili kwa simu ya kuazima. Wewe uko Mbagala, wazazi wako Kakonko kule Kigoma. Jamaa wa steshenari amekwambia umpe laki na thelathini amuombee vyuo vitano pamoja na mkopo, na akaunti zote atazifungua kwa imeili yake na namba yake mwenyewe ili wewe usisumbuke. Alafu ukauliza swali la pili ambalo mimi nimelipenda zaidi, kwamba mbona zamani ilikua TCU, yani tume ya vyuo vikuu, sehemu moja na sasa kila chuo kina mlango wake, na je haya maombi ya mtandaoni yamewasaidia kweli watoto wa vijijini au yamewafaa wa mjini.

Nianze na hela. Usimpe kwa masharti hayo. Sisemi kwamba ni tapeli, hawa watu wa steshenari wengi wanafanya kazi ya halali na bila wao vijana wengi sana wasingefika chuo, mimi mwenyewe nimefundisha sekondari Kigoma miaka 8 kabla sijaja kukaa dawati la udahili na nimewapeleka wanafunzi wangu kwao mara nyingi tu. Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni elfu 10, kwaiyo vyuo vitano ni elfu 50, bodi ya mikopo ni elfu 30, jumla 80. Elfu 50 inayobaki ndo ujira wake wa kujaza, kuskani na kuprint, mnaweza mkaelewana hapo, bei ni maelewano. Kinachonifanya niseme usimpe ni ile imeili yake na namba yake. Hapo ndo watoto wanapopotelea.

Ngoja nikueleze kwanini, mana watu wengi wanadhani maombi yakishatumwa kazi imeisha. Haijaisha. Kila awamu ya udahili ikifungwa vyuo vinachagua watu wao alafu majina yote yanapelekwa TCU, TCU wanayaweka pamoja na kuangalia nani kachaguliwa zaidi ya sehemu moja. Kijana aliyechaguliwa chuo kimoja hana shida, yuko ndani. Lakini aliyechaguliwa viwili au vitatu anatakiwa athibitishe kimoja ndani ya siku chache, na kuthibitisha kunataka namba ya siri ambayo inakuja kwa sms kwenye ile simu iliyoandikwa kwenye maombi, au aiombe akiwa ndani ya akaunti yake ya chuo. Sasa fikiria simu ni ya mtu mwingine na paswedi anayo mtu mwingine.

2019 alikuja ofisini kwetu kijana mmoja ametoka Kasulu, kasafiri usiku kucha na basi, amechaguliwa vyuo viwili na kimoja ndo kozi aliyokua anaililia toka kidato cha tatu. Namba iliyokua kwenye maombi ni ya aliyemfungulia akaunti, na huyo mtu alishafunga duka kaenda kwao msibani, simu haipatikani. Sms ilienda huko. Kijana alikua hajui hata imeili iliyotumika inaitwaje. Tulihangaika siku mbili, muda wa kuthibitisha ukapita, nafasi ikaondoka, akaja kuomba upya awamu iliyofuata akapata kozi nyingine kabisa ambayo hakuiwaza. Alisoma, akamaliza, lakini mimi ile sura yake pale mlangoni sijaisahau mpaka leo na ndo mana nakuandikia kwa urefu huu.

Kwaiyo fanya hivi. Fungua imeili mpya kwa majina ya mdogo wako, kwenye simu yako wewe, paswedi iandike kwenye daftari na nakala yake umpe mama aitunze. Namba ya simu weka yako, wewe dada mtu, usiweke ya mdogo wako wakati huu yuko kambini na wala usiweke laini ambayo hujui imesajiliwa kwa jina la nani. Hili la laini watu wanalidharau sana. Toka ule usajili wa alama za vidole ambao laini zilianza kufungwa januari 2020, kijana ambaye hana kitambulisho cha NIDA anatumia laini iliyosajiliwa na mjomba, au na wakala tu wa barabarani, ikipotea hawezi kuirudisha mpaka yule mwenye kidole apatikane. Wanafunzi wengi wa kidato cha sita ndo hali yao hiyo. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikipotea leo kesho umeirudisha, na namba ni ileile, na sms ya TCU itakukuta. Ukishakua na imeili na namba, hata ukimpa mtu wa steshenari akujazie mlipe tu elfu 20 au 30 ukiwa umekaa pembeni yake, na ukitoka pale badilisha paswedi zote.

Sasa matokeo. Naona umeandika "amepata point 13 na nimesikia chuo wanataka point 4 kwaiyo amepita mbali sana". Hapana dada, hapa kuna mkanganyiko ambao umeumiza familia nyingi. Hizo ni point za aina mbili tofauti. NECTA, yani baraza la mitihani, wanahesabu A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, kwaiyo D na D na E ni 4 na 4 na 5 inakuja 13, na huko zinavyokua ndogo ndo vizuri. TCU wanahesabu kinyume, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, huko zinavyokua nyingi ndo vizuri. Sifa ya chini kabisa ya kuingia digrii kwa aliyemaliza kidato cha sita ni masomo mawili ya prinsipo, yani yaliyofaulu kwa A mpaka E, yenye jumla ya point 4. Mdogo wako ana D mbili, 2 na 2, inakuja 4 kamili. Yani kagusa mstari, hajauvuka wala hajapungua. General Studies haihesabiwi hapo hata angepata A.

Ukiwa umegusa mstari maana yake ni kwamba unaruhusiwa kupanga foleni. Nafasi ni jambo lingine. Chuo kinapanga waombaji wa kozi kutoka juu kwenda chini mpaka viti viishe, sasa kozi ya sheria pale UDSM ikiwa na waombaji wenye A na B mia kadhaa, yeye mwenye 4 yuko mwisho wa mstari hata kama mfumo umepokea maombi yake na umepokea elfu 10 yake. Na mfumo hautakwambia. Utapokea, utakushukuru, utakupa namba ya maombi. Hili ndo naliona kila mwaka, mtoto mwenye point 4 kaomba vyuo vitano vikubwa, vyote kaweka kozi zinazogombewa, awamu ya kwanza hajapata, ya pili karudia kozi zilezile, alafu nyumbani wanasema mtoto wetu kafanyiwa figisu. Hakuna aliyemfanyia kitu, hakuna aliyemuonyesha mstari ulivyo.

Hapa sasa ndo kile kitabu cha TCU kinapokua na thamani, mwongozo wa udahili. Kinatoka kila mwaka, kiko bure kwenye tovuti yao, ni pdf ndefu lakini usiogope. Kila kozi ya kila chuo imo na sifa zake, miaka ya kusoma, na kuna sehemu inaonyesha idadi ya nafasi. Watu wanasoma sifa tu, hiyo idadi ya nafasi hawaiangalii kabisa na ndo ina siri yote. Kozi yenye nafasi 400 na kozi yenye nafasi 50 kwa mtu mwenye point 4 ni dunia mbili. Kwa D ya History na D ya Geography ualimu wa masomo hayo mawili uko wazi kwake, maendeleo ya jamii, jiografia na mazingira, utunzaji wa kumbukumbu, ukutubi, utalii pia kwenye baadhi ya vyuo. Sitakutajia chuo cha uhakika kwa sababu hakipo, lakini ningekua mimi ningechukua vyuo vitatu na sio vitano: kimoja anachokitamani kweli, na viwili ambavyo nafasi ni nyingi na waombaji sio wengi, vyuo vya mikoani ambavyo watu wa Dar hawavikumbuki. Kila chuo kinakupa kuweka kozi zaidi ya moja ndani ya ada ileile, zijaze zote, usiache hata moja wazi. Vyuo vitatu ni elfu 30, umeokoa elfu 20, hiyo utaihitaji kwenye mkopo nitakapofika huko.

Na uulize nyumbani nauli. Hili watu wa mitandao hawaliwazi. Kakonko mpaka Mtwara ni safari ya siku mbili, na ataifanya mwanzo wa muhula na mwisho wa muhula.

Turudi kwenye swali lako la pili, mana unaona elfu 10 hizi zinavyojirudia na kila mlango una akaunti yake na paswedi yake. Kabla ya 2010 mambo yalikua karatasi. Mimi nilijaza fomu zangu kwa mkono, ukitaka chuo unaifuata fomu au unaagiza mtu anayekuja na treni, unalipa benki, unabandika picha, unatuma posta na kuomba Mungu, na ukichaguliwa vyuo vitatu unashika nafasi tatu peke yako mpaka siku ya kuripoti huku mwenzako nyumbani hana hata moja. Ndo TCU, ambao wenyewe wameanzishwa 2005, wakaleta mfumo wa pamoja kwa mwaka wa masomo 2010/2011. Unaingia sehemu moja, unalipa mara moja, unapanga kozi zako kwa mfuatano kutoka vyuo mbalimbali, mfumo unakupanga kwenye moja. Kwa mtoto wa Kakonko yale yalikua mapinduzi, nayasema kwa moyo wangu wote, mana nilikua darasani kipindi kile na niliona wanafunzi ambao hawajawahi kuvuka Tabora wanaomba Mzumbe na SUA na Ardhi wakiwa wamekaa kwenye benchi moja la steshenari pale mjini.

Lakini ulikua na kasoro. Vyuo vililalamika vinaletewa watu havikuwachagua, na wanafunzi wakalalamika wanapelekwa walikopanga mwishomwisho kwa kujaza tu nafasi. 2017 mwezi wa nne hayati Rais Magufuli akizindua mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisema wazi kwamba wanafunzi waachwe wachague vyuo wenyewe, na kuanzia 2017/2018 maombi yakarudi vyuoni. TCU wakabaki na kazi ya kuhakiki na ile ya kuwachuja waliochaguliwa sehemu zaidi ya moja. Uhuru wa kuchagua ulirudi, hilo ni kweli na ni jema. Ila bei ya uhuru ule ililipwa na aliyekua na hela kidogo zaidi, kwa sababu anayeweza kulipa vyuo saba ana nafasi saba, anayeweza kulipa kimoja ana moja, hata kama matokeo yao ni yaleyale herufi kwa herufi.

Na sio lazima iwe hivyo, hapa ndo nisipokubaliana na wanaosema ukitaka uhuru lazima uvumilie milango mingi. Uingereza wana UCAS toka 1993, mwanafunzi anajaza fomu moja, ada moja, anachagua mpaka kozi tano, na kila chuo kinaamua chenyewe kumchukua au kumuacha. Fomu ni moja, maamuzi ni ya chuo. Marekani wana Common App, ilianza 1975 na vyuo 15 kwa karatasi, ikaingia mtandaoni 1998, sasa hivi vyuo zaidi ya 1,000 vimo, unaandika taarifa zako mara moja unapeleka mpaka vyuo 20. Pale ada kila chuo kina yake ila kuna kitu kimoja nakitamani sana kwetu, mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini anaomba kusamehewa ada humohumo ndani ya fomu, mshauri wake wa shule anathibitisha, na anaomba bila kulipa. Majirani zetu Kenya walikaa kwenye njia ya kupangiwa, kupitia taasisi ya KUCCPS iliyoletwa na sheria yao ya vyuo vikuu ya 2012, kijana ana akaunti moja na humohumo zimo digrii, vyuo vya ufundi na hata chuo chao cha mafunzo ya tiba na uuguzi cha KMTC. Wao nao wana kilio cha watoto kupangiwa kozi wasizozitaka. Lakini mtoto wa Turkana na mtoto wa Nairobi wanaingia mlango mmoja kwa bei moja, na hilo sio dogo.

Mimi msimamo wangu nimeusema kwenye kila kikao nilichoitwa: fomu moja, ada moja, chuo kichague chenyewe. Mambo yote ya kufanya hivo tunayo tayari. Ukiingiza index namba, yani namba ya mtihani, ya kidato cha nne na cha sita kwenye mfumo wa chuo chochote leo matokeo yanakuja yenyewe kutoka NECTA, na majina ya waliochaguliwa yanakutana TCU kila awamu. Kilichobaki kutengana ni mlango wa mbele tu, pale ambapo mtoto analipia.

Tena kuna jambo moja linanisumbua kuliko hata ada. Mdogo wako alipomaliza kidato cha nne hakuomba shule yoyote. Alijaza machaguo yake kwenye selform, ile fomu ya kuchagua shule, TAMISEMI wakaangalia matokeo, wakampangia kidato cha tano, jina likatoka, akaenda. Hakulipa, hakuwa na paswedi ya kukumbuka ya vyuo vitano, hakuna aliyemuuliza laini ni ya nani. Na toka 2022 hata ada ya kidato cha tano na sita ikafutwa shule za serikali. Yani serikali imemshika mkono kutoka darasa la kwanza mpaka paper ya mwisho ya kidato cha sita, alafu mwezi wa saba ghafla mkono unaachiwa, tena ndo kipindi yuko porini kambini hana simu, na anaambiwa una wiki chache tafuta milango yako. Aliye na baba mhasibu au dada mwanachuo anaivuka hiyo wiki bila hata kujua ilikua ngumu. Mwenye wazazi wakulima inategemea kama ana mtu kama wewe.

Marekani kuna jimbo linaitwa Idaho, sio tajiri, lina mashamba ya viazi na vijiji vilivyo mbali mbali. Kuanzia 2015 wakaanza kufanya jambo rahisi mno, kijana anayemaliza sekondari anaandikiwa barua bila kuomba: kwa matokeo yako umeshakubaliwa vyuo hivi na hivi vya umma, chagua. Sisi hilo tunalifanya kwa kidato cha tano miaka yote. Siombi tuige mtu, naomba tuvute kamba yetu wenyewe mbele kidogo. Angalau mtoto akifungua matokeo yake aone chini pale kozi ambazo sifa zake zinaingia na nafasi zilizopo, hata kabla ya kuambiwa alipe. Ingewaokoa wengi wanaotupa elfu kumi kumi zao kwenye foleni zisizo zao.

Basi, mkopo. Na hapa soma taratibu dada, kwa sababu chuo bila mkopo kwa hali uliyoniandikia ni barua tu ya kubandika ukutani. Bodi ya mikopo ina mfumo wake tofauti na vyuo, wanauita OLAMS, ada elfu 30 inalipwa mara moja kwa kontrol namba. Usisubiri majina ya vyuo yatoke ndo uanze, anza sasa, mana haya mambo yanataka karatasi ambazo hazipatikani kwa siku moja. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi mmoja amefariki na cheti cha kifo vilevile. Kama pale nyumbani wazazi wako kwenye kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF hilo liseme na uweke uthibitisho, ni la muhimu sana kwenye upangaji wa nani apewe kiasi gani, usione aibu hata kidogo. Fomu ikishajazwa inaprintiwa, inasainiwa na muombaji, na mdhamini mwenye kitambulisho, na serikali ya kijiji au mtaa, na inapita kwa hakimu au wakili, alafu inaskaniwa inarudishwa kwenye mfumo. Unaona mwenyewe: saini ya muombaji, na yeye yuko kambini. Kwaiyo akaunti fungua wewe, vyeti hakiki wewe, picha andaa, mdhamini mtafute kabisa, ikifika siku katoka kambi iwe imebaki saini yake na muhuri tu. Dirisha la bodi lina tarehe zake, hazifanani na za vyuo, ziangalie kwenye mwongozo wao wa mwaka huu huu na sio wa mwaka jana ambao bado unazunguka kwenye magrupu ya whatsapp.

Kuna mtego mmoja huku ambao unakula watu kimyakimya. Ile index namba ya kidato cha nne utakayotumia kuombea chuo lazima iwe ndo hiyohiyo utakayotumia kuombea mkopo. Kijana aliyerudia mtihani ana namba mbili, ya shule na ya kujitegemea, sasa chuo kaombewa na mtu kwa namba ya kwanza na mkopo kaomba mwenyewe kwa namba ya pili, mifumo ikikutana hawa wanaonekana watu wawili tofauti, ana chuo hana mkopo na bumu, ile hela ya kujikimu, halisomi, na hajui shida iko wapi. Muulize mdogo wako kama alirudia. Na muulize jina, kama cheti cha kuzaliwa kinasema Yusufu na cheti cha kidato cha nne kinasema Joseph anza kushughulikia sasa kwa mwanasheria, usingoje mpaka Oktoba.

Ukiniuliza je mtandao umewasaidia watoto wa vijijini, nakujibu ndio, sana, na nisingependa kurudi kwenye fomu za posta hata siku moja. Ila umewasaidia wale ambao kijijini kwao alikuwepo mtu mmoja wa kuwashikia simu. Nikiwa mwalimu tulikua tunafanya jambo moja dogo, kila mwanafunzi wa kidato cha sita kabla hajaondoka shuleni mwezi wa tano tunamfungulia imeili yake mwenyewe kwenye kompyuta mbili tulizokua nazo, na tunawasomea mwongozo wa mwaka uliopita kwa sauti ubaoni, hizi ndo point za NECTA, hizi za TCU, hii ndo kozi yenye nafasi nyingi. Jumamosi mbili tu. Walimu wa taaluma mnaosoma hapa, hili halihitaji kibali cha wizara wala bajeti, na linafanyika hata bila umeme wa uhakika mana sehemu kubwa ni ubao na chaki. Ingekua imefanyika shuleni kwa mdogo wako leo wewe usingekua unajadiliana laki na thelathini na mtu wa duka.

Na ikitokea awamu ya kwanza hajapata, usihamaki ukalipia vyuo vingine vitano kwa hasira. Rudi kwenye orodha ya nafasi zilizobaki, TCU na vyuo wanatangaza awamu inayofuata, badilisha kozi na sio kubadilisha jina la chuo tu. Ikishindikana kabisa kuna njia ya diploma, akimaliza na GPA ya 3.0 na ana D zake nne za kidato cha nne anaingia digrii kwa mlango huo, na wengi wao wanafika wakiwa na ujuzi wa kazi tayari. Kuna Chuo Kikuu Huria pia, wana vituo mikoani, Kigoma wapo.

Jumapili akikupigia muda ni mdogo, kwaiyo andika maswali kwenye karatasi kabisa. Muulize index namba zake zote mbili, ya nne na ya sita, na mwaka wa kila moja. Alirudia au hakurudia. Jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa linaandikwaje, herufi kwa herufi. Cheti chenyewe kiko wapi, kwa mama au kilibaki shuleni. Alafu mwisho muulize anataka kusoma nini, mwache aongee hata dakika mbili zote zilizobaki, mana ni yeye atakayekaa darasani miaka mitatu na mpaka sasa kwenye ujumbe wako wote hajaulizwa.